Walisema Mama Alitupa Dawa

Watu wakisikia kwamba nilifanya kazi ya kutafuta dawa ya virusi, wanadhani nilikuwa daktari. Sikuwa daktari. Nilikuwa msichana wa kidato cha nne mwenye mtoto mgongoni, na kazi yangu ya kwanza pale maabara ilikuwa kuosha chupa. Nikaosha vizuri, nikafundishwa kulisha seli. Nikalisha vizuri, nikafundishwa kuziambukiza kirusi na kungoja nione kama dawa itazikinga. Kwa hiyo naandika kama mtu aliyekuwa ndani, si mtu aliyesimuliwa. Na naandika nikiwa na hasira. Asiyependa hasira ya mwanamke aweke hii chini aendelee na shughuli zake.

Maabara yetu ilikuwa nyumba ndefu ya mabati nyuma ya zahanati, upande wa Mogogosiek, mahali chai ya kampuni inapokutana na chai ya wananchi. Ukisimama mlangoni, upande mmoja uliona chai ya kampuni imenyooka kama meza, na nyumba za wafanyakazi, zile tunaziita laini, zimepangwa chini yake. Upande wa pili uliona mashamba yetu: chai kidogo, mahindi kidogo, ng'ombe amefungwa kwa kamba. Wagonjwa wetu walitoka pande zote mbili.

Kirusi tulichopigana nacho si kile ambacho kila mtu alikiogopa miaka hiyo ya tisini. Chetu ni kile kinachowatoa watu vidonda vya mdomo baada ya homa. Kwa wengi kinaishia hapo mdomoni. Kwa wachache kinapanda kwenye jicho, kinajificha huko nyuma, na baridi ikiingia kinarudi na kuacha kovu juu ya kioo cha jicho. Kovu juu ya kovu, mwisho wake ni giza. Mradi ulikuwa na kidonge kipya. Tulitaka kujua kama mtu akikimeza kila siku, jicho litapita msimu wa baridi bila kuguswa.

Mama yangu alikuwa mmoja wa wagonjwa hao. Jicho lake la kushoto lilitobolewa na pembe ya ng'ombe akiwa msichana, likafa. La kulia ndilo lililoingiwa na kirusi. Alikuwa amebaki na jicho moja, na hilo moja lilikuwa na makovu tayari. Wengine pale walikuwa wanafanya kazi ya mradi. Mimi nilikuwa nafanya kazi ya jicho la mama.

Mkuu wa maabara alikuwa mwanamke wa kwetu. Nyumbani kwao ni juu huko Kimulot, karibu na msitu. Alikuwa amesoma mpaka ng'ambo, na aliporudi makanisa yaligombania kumwombea. Sote tulimwita Daktari. Yeye ndiye aliyenitoa kwa majani. Nilikuwa nachuna chai kando ya barabara, baba ya mtoto akiwa ameenda kutafuta kazi, na nadhani bado anaitafuta, Daktari akasimamisha gari akaniuliza nilipata nini kwa biolojia. Nikamwambia. Akacheka.

"Hiyo inatosha kuosha chupa," akasema. "Kuja Jumatatu."

Alinifundisha kushika pipeti bila kutetemeka, kufungua kibakuli kando ya moto wa spiriti ili uchafu usiingie, kugeuza uso nisizipumulie seli. Mtoto akilia nikiwa na glavu, yeye ndiye alimchukua ofisini kwake, akamkalisha juu ya meza na kumwimbia nyimbo za kwetu, mtoto akichezea mkufu wake. Aliniita mdogo wangu. Mbele ya watu alisema, "Huyu ni damu yangu." Nikaamini. Kwani ningekosa kuamini kwa nini?

Seli zenyewe zilitoka kwa figo za tumbili, zamani na mbali, zikawa zinaongezeka tu ndani ya chupa. Chakula chake ni maji ya rangi ya waridi. Yakigeuka manjano, ujue zina njaa. Hazijui Jumapili. Kwa hiyo siku ya kanisa nilipita maabara kwanza, na njiani nilikutana na jirani yetu mmoja, mama mwenye mdomo, ambaye hakuwahi kuniacha nipite hivi hivi.

"Leo tumbili wako wamekula?" anauliza kwa sauti ili watu wasikie.

"Wamekula, mama."

"Na huyu wa mgongoni je?"

Watu wanacheka, nami nacheka. Yeye pia alikuwa mgonjwa wetu wa jicho, na alinitania kama mtoto wake.

Sasa nieleze kazi iliyonileta kwenye hasira hii. Wagonjwa walipokuja kliniki walitolewa damu. Niliizungusha kwenye mashine mpaka yakabaki juu yale maji yake, rangi ya chai iliyochujwa mara ya pili. Maji hayo niliyamwagia seli, nikaziwekea kirusi, nikazirudisha kwenye kabati la joto. Baadaye nilizitia rangi ya zambarau. Kama damu ya mtu ina dawa, seli zinabaki zimeshikana, kibakuli chote zambarau kama kitambaa kipya. Kama haina, kirusi kinakula, na unaona matundu kila mahali, kama jani la sukuma lililopitiwa na wadudu.

Damu ya watu wa kampuni ilitoka zambarau safi. Damu ya watu wa mashambani ilitoka matundu. Nikarudia. Matundu. Kila boma. Na ya mama yangu ilikuwa hivyo hivyo. Nilikishika kibakuli chake nikakigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, kana kwamba kukigeuza kutaziba matundu.

Jioni nikamwuliza, "Mama, kidonge unameza?"

"Nisipomeza mimi atameza nani, ng'ombe?"

"Kila siku?"

"We mtoto, nilikuzaa au ulinizaa?"

Kesho yake nikampelekea Daktari vibakuli vyote. Akavipanga mezani, hivi vya kampuni, hivi vya mashambani, akavitazama kimoja kimoja. Halafu akachukua funguo za gari. "Twende kwa mama yako. Nataka kuona kwa macho yangu."

Mama alifurahi kama ameletewa kanisa nyumbani. Akafuta kiti kwa leso yake, akageuza kichwa kidogo kama alivyozoea, kuleta mbele lile jicho linaloona.

"Chamgei, Daktari wetu. Bado unakunywa mursik ama umekuwa Mzungu?"

"Nimekua na mursik, Mama. Lete."

Kwa asiyejua, mursik ni maziwa yetu ya kugandisha. Kabla ya kuyatia kwenye kibuyu, tunasugua kibuyu ndani kwa makaa ya mti wa senetwet mpaka makaa yashike ukutani, na hapo ndipo maziwa yanapata ile rangi ya majivu na ule utamu wake. Nyumba isiyo na kibuyu cha mursik kwetu ni nyumba ya mtu aliyehama. Mama akatikisa kibuyu, akatumiminia. Halafu akatoa pakiti yake ya dawa kifuani.

"Saa ya kidonge changu imefika. Angalieni ninyi wenyewe, msije mkanisumbua tena." Akakitupa mdomoni, akakisukuma na kikombe kizima cha mursik, akapangusa midomo. "Haya. Nimemeza ama sijameza?"

Daktari alikuwa na kikombe chake karibu na mdomo. Akakishusha. Akatazama ndani. Nikadhani ameona nzi.

Tukirudi, alisimamisha gari kando ya chai kabla hatujafika.

"Mtu akinywa ile sumu ya kuogeshea ng'ombe, hospitali wanampa nini?"

"Makaa. Yale ya kusagwa."

"Ya nini?"

"Yanashika sumu tumboni isiingie kwa damu."

"Na akiwa amemeza dawa, si sumu, makaa yanachagua?"

Nikakumbuka kibuyu cha mama.

"Hayachagui," akasema. Akaweka mikono yote miwili juu ya usukani. "Ni mimi niliyesema wameze na maziwa. Kidonge kinachoma tumbo, nikasema maziwa. Nikachoresha hata picha ya glasi kwenye pakiti. Kule laini hawana ng'ombe, wanameza na uji, wanameza na chai. Lakini mtu wa hapa ukimwambia maziwa, anafikiria nini? Mimi mwenyewe nyumbani, nikisema niletee maziwa, wananiletea nini?"

Nilimwonea huruma. Naandika hilo kwa sababu ni kweli. Nilimwonea huruma nikamwambia kosa kama hilo hata mimi ningelifanya, hata mama yangu angelifanya, hakuna mtu wa kwetu ambaye asingelifanya.

Jambo hilo tulilipima pamoja. Nikaleta kibuyu kutoka nyumbani, Daktari akakwangua makaa ya ndani kwa kisu. Kidonge tukakiyeyusha kwa maji, tukagawa, nusu tukatia makaa, nusu tukaacha. Tukatikisa, tukazungusha kwenye mashine, maji ya juu tukazipa seli, pamoja na kirusi. Seli zilipokuwa tayari, Daktari ndiye aliyeangalia kwanza kwenye hadubini. Akasogea nikaangalia mimi. Dawa bila makaa: zambarau yote. Dawa iliyopita kwenye makaa: matundu, kama vibakuli vya mama.

"Ni makaa," akasema yeye kwa mdomo wake.

"Basi tuwaambie watu. Ni neno moja tu, maji. Wameze na maji."

"Kesho wageni wanafika, wafadhili. Wacha kesho ipite. Wakiondoka jioni, tunaanza boma kwa boma, mimi na wewe. Sawa, mdogo wangu?"

Siku moja. Nani angekataa siku moja? Kwa mama yangu tu ndiko sikuomba ruhusa. Nilipofika nyumbani nilimwambia, "Kuanzia leo, kidonge na maji matupu."

"Maji matupu? Nimekuwa kuku?"

"Mama, meza na maji. Nitakueleza kesho." Akameza na maji, akilalamika.

Kesho ilikuwa siku ya kliniki. Wageni walikuwa Wazungu wawili na bwana mmoja wa Nairobi aliyevaa tai. Walikaa ofisini kwa Daktari na chai na mandazi, dirisha likiwa limefungwa. Watu wetu walijaa nje kwenye nyasi, watu wa kampuni huku, watu wa mashambani kule, wakina mama na vitambaa vyao vya kichwa vya Jumapili kwa sababu walisikia kuna wageni. Nilikuwa ndani nabadilisha maji ya seli niliposikia karani wa mradi akipiga makofi nje ili watu wanyamaze.

"Wagonjwa wa mashambani," akasema, "mradi unawashukuru sana. Mtarudisha pakiti zenu hapa kwa meza. Damu imeonyesha hammezi dawa, mnatupa. Dawa hii haiwezi kuwa ya kutupwa. Watu wa kampuni watabaki."

Halafu nikasikia sauti ya yule jirani mwenye mdomo.

"Nani amesema hatumezi?"

"Damu imesema, mama."

"Damu ina mdomo?"

"Inasomwa huko maabara."

Nilikuwa nimeshafika mlangoni. Koti jeupe, glavu mikononi. Wote wakageuka wakaniangalia mimi. Hakuna hata mmoja aliyeangalia dirisha la Daktari.

"Kumbe hao tumbili wako wanakula sisi," jirani akasema. Hakucheka, na hakuna aliyecheka. "Hata mamako umemuuza? Haki wewe ni kiboko."

Mama alikuwa amesimama mbele karibu na meza, pakiti yake mkononi, kichwa amekigeuza vile alivyozoea ili anione. Hakumwuliza karani. Aliniuliza mimi.

"Lakwet, mtoto wangu, mimi nimetupa dawa?"

"Hapana, Mama."

"Basi uliwaambia nini?"

Hilo swali nimelisikia kila siku tangu wakati ule, nikisonga ugali, nikiosha mtoto. Niliwaambia nini? Niliwaambia ukweli. Nilikuwa nimepima damu ya mama yangu kwa uaminifu wote niliofundishwa, na uaminifu wangu ndio walioutumia kumwita mwongo mbele ya watu.

Niliingia ofisini bila kubisha. Nilisema kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, ambacho kikikutana na hasira kinakuwa vipande vipande. Nikasema ni makaa. Makaa ya kwenye vibuyu. Watu wanameza, makaa yanakula dawa. Yule Mzungu mzee akaweka kikombe chini. Alitaka kujua kweli, niliona kwa uso wake. Lakini hakuniuliza mimi, alimwuliza Daktari: makaa gani hayo?

Daktari akatabasamu. Tabasamu lile lile la kumbembeleza mtoto wangu.

"Watu wetu hapa wana imani zao," akamwambia kwa kile Kiingereza chake laini. "Kuna mti ambao makaa yake yana nguvu katika mila zetu. Ni habari ndefu, nitawasimulia tukila."

Mzungu akaitikia kwa kichwa, kwa heshima kubwa. Aliheshimu mila zetu mpaka akasahau kuniuliza mimi chochote.

Halafu Daktari akanigeukia na Kikipsigis, sauti chini, tabasamu bado liko usoni: "Toka, mdogo wangu. Mtoto wako analia."

Mtoto hakuwa analia.

Wageni walipoondoka jioni, nilimfuata kabla hajakaa.

"Umewaambia ni imani."

"Funga mlango."

"Sifungi. Uliangalia kwa hadubini hii hii. Ulisema ni makaa."

"Nisikilize. Wakijua maagizo yalikuwa mabaya tangu mwanzo, wanafunga mradi wote. Wa kampuni wanakosa, wa mashambani wanakosa. Nimeokoa nusu."

"Umeokoa kiti."

"Unajua ni wanawake wangapi wa kwetu wamewahi kukalia kiti kama hiki?"

"Najua mmoja. Na sasa amemkalia mama yangu."

Macho yakamjaa maji, na ninaamini yalikuwa machozi ya kweli, lakini machozi ya kweli hayarudishi pakiti ya mtu. Alipopata sauti akasema: "Dawa ya mama yako nitaileta mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Kimya kimya. Hatakosa hata siku."

"Na wale wengine?"

"Anza na mama yako, mdogo wangu."

Nikakubali. Sitamwomba mtu msamaha kwa hilo. Jicho lilikuwa moja.

Nikamweleza mama habari ya makaa, nikamwambia dawa inakuja. Akauliza, "Atakuja lini?" Nikasema kesho, kwa sababu Daktari alikuwa amesema kesho. Halafu ikawa wiki ijayo. Halafu ikawa kwamba dawa imepungua, inangoja kutoka Nairobi. Niliendelea kulisha seli kwa sababu nikiondoka, nani atamkumbusha? Kila asubuhi nilisimama kwenye mlango wake. Mwanzo alisema, "Nakumbuka, mdogo wangu." Baadaye alisema, "Nakumbuka." Baadaye aliinua kalamu tu, kama mtu anayefukuza inzi. Ningeiba, naandika wazi. Lakini kabati la dawa lilihamishiwa ofisini kwake, na ufunguo wake ukawa shingoni, kwenye ule mkufu mtoto wangu aliouzoea.

Baridi ikaingia. Ukungu ulishuka kutoka msituni ukakaa juu ya chai mpaka karibu saa sita, na watu wakachuna na mifuko ya plastiki imefungwa kiunoni. Asubuhi moja nikamkuta mama jikoni amegeukia ukuta. Nikadhani ni moshi.

"Mwanga unanichoma," akasema.

Jicho lilikuwa jekundu, maji yanatiririka mpaka kidevuni. Nikamfunika kichwa kwa shuka, nikamweka mtoto mgongoni, nikamshika mkono tukaenda. Tulimkuta Daktari nje ya maabara, gari limejazwa masanduku. Alikuwa anahamia Nairobi, kwenye maabara kubwa. Kazi ya kule kwa watu wa kampuni ilikuwa imeenda vizuri. Sikuwa nimeambiwa.

"Chamgei, Mama," akasema.

Alitoa ile tochi yake ndogo. Akamfunua mama shuka, akainua kope kwa kidole, taratibu, kama daktari mzuri, kwa sababu alikuwa daktari mzuri. Akaangalia. Akazima tochi.

"Mpeleke hospitali ya misheni leo," akaniambia mimi. "Usingoje kesho. Kuna dawa ya kupaka."

Mama akamshika mkono kabla hajaurudisha.

"Daktari, mimi sikutupa."

"Najua, Mama."

Alisema hivyo. Nilikuwa hapo, mtoto mgongoni, dereva akiwa amewasha injini. Alisema anajua.

"Kama unajua," mama akasema, "si uwaambie wale?"

Daktari akamwangalia dereva. Akautoa mkono wake polepole, kidole kwa kidole, akampigapiga mama begani, akaingia kwenye gari. Kidonge alichoahidi kumletea kwa mkono wake kilikuwa humo humo, ndani ya masanduku yale. Niliyajua. Niliyafunga mwenyewe mengine kama hayo.

Hospitali ya misheni walifanya walichoweza. Walipaka, wakafunga, tukalala huko siku nyingi. Uchungu ukaisha, jicho likabaki mahali pake, lakini juu yake pana utando kama maziwa yaliyoganda. Mama anajua mchana na usiku. Akisimama mtu mlangoni anaona kuna mtu, haoni ni nani. Mtoto wangu alipoanza kutembea, mama alimshika uso kwa mikono yote miwili akaniuliza, "Sasa anafanana na nani huyu?" Nikamwambia, na wewe. Ni uongo. Anafanana na baba yake, hata ule mwendo.

Koti jeupe nililitundika kwenye msumari nikaondoka. Siku hiyo sikulisha seli, na sijui ni nani aliyezilisha. Nilizunguka boma kwa boma, mwenyewe, ile kazi tuliyosema tutaifanya wawili, nikiwaambia watu ni makaa, hamkutupa, damu yenu haikusema uongo na ninyi hamkusema uongo. Wengine walinipa kiti. Wengine walinisikiliza wamesimama. Yule jirani mwenye mdomo, ambaye jicho lake limepona tu kwa bahati, alinisikiliza mpaka mwisho akichambua mboga.

"Kwa hiyo kosa ni la mursik," akasema. "Kesho utasema ni la ng'ombe."

"Kosa ni la aliyejua akanyamaza."

"Na wewe ulijua lini?"

"Siku moja kabla ya pakiti zenu kuchukuliwa."

Akachambua majani mengine kidogo. "Siku moja ni siku," akasema. Halafu akasukuma sufuria pembeni, akaniambia nikae. Mpaka leo hajanitania tena. Ananisalimu vizuri sana, kama mgeni, na hiyo inaniuma kuliko lile neno la kiboko.

Jina lenyewe limebaki. Hata kina mama wakipeleka watoto kliniki, muuguzi mgeni akishasikia wanatoka upande gani, anasema, "Ah, ninyi wa kutupa dawa," anacheka, anaendelea na kazi yake. Nimemjibu mmoja vibaya mpaka nikatolewa nje na mtoto wangu hajachanjwa. Nikarudi kesho yake nikamjibu tena.

Juzi tulikuwa jikoni na mama, redio imewashwa kwa ajili ya matangazo ya vifo, mara ikaja sauti ninayoijua. Mtangazaji alikuwa akimwuliza Daktari juu ya dawa mpya ya macho. Nikainuka kwenda kuzima.

"Wacha," mama akasema. "Huyo si ni msichana wetu?"

"Ni yeye."

"Ongeza sauti. Nataka kusikia kama atasema."

Nikaongeza. Mama alikaa mkao wake wa kanisani, mikono mapajani, kichwa amekigeuza upande ule ule ingawa hakuna jicho la kuleta mbele tena. Daktari alizungumza vizuri, Kiswahili kisafi, akaeleza kirusi kinavyojificha, kinavyorudi na baridi. Akasema kidonge kinasaidia. Mtangazaji akamwuliza mgonjwa akimeze na nini.

"Maji," Daktari akasema. "Glasi moja ya maji safi. Hilo ni muhimu sana."

"Na kwa nini maji, Daktari?"

Mama akainama kwenye redio. Mimi pia, sikatai, nilisimama na mwiko mkononi.

"Utafiti ulituonyesha hivyo," Daktari akasema.

Wakamshukuru. Wakapiga muziki kidogo, halafu matangazo ya vifo yakaanza. Mama alingoja. Alingoja mpaka likasomwa jina la kwanza la marehemu, na la pili. Ndipo akanyoosha mkono, akapapasa meza mpaka akapata redio, akakitafuta kifundo kwa kidole, akazima.